Bosi, Adui Mkuu au Nunda? Maoni juu ya Istilahi za Mapambano Yanayojirudia katika Michezo ya Video

Miongoni mwa kazi zinazomkabili ofisa wa istilahi, iliyo nyepesi ni kuunda neno. Iliyo nzito ni kulifuta neno aliloliunda mwenyewe. Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili.

Nilipotakiwa kutayarisha orodha fupi ya istilahi za michezo ya video kwa matumizi ya wafasiri, nilifika penye yule kiumbe mwenye nguvu kupita wenzake, ambaye mchezaji hukutana naye mwishoni mwa hatua na ambaye hana budi kumshinda ili aendelee mbele. Vijana wetu humwita "bosi". Neno hilo sikulipenda. Niliona lina harufu ya ofisini, nami nikaandika "adui mkuu", nikaridhika, nikaendelea na herufi iliyofuata. Haukupita muda mrefu, mfasiri mmoja aliniletea karatasi yake akiwa ameandika, kwa kuifuata orodha yangu, "adui mkuu mdogo", na mistari michache chini yake, "adui mkuu wa uongo". Aliniuliza kwa upole: adui huyu awezaje kuwa mkuu na mdogo kwa wakati mmoja? Sikuwa na jibu.

Kosa langu halikuwa katika kuchagua maneno mawili mabaya. "Adui" ni neno zuri, na "mkuu" ni neno zuri. Kosa langu lilikuwa kulitazama jambo moja peke yake, kana kwamba kiumbe huyo yumo katika mchezo mmoja tu na anatokea mara moja tu. Hali si hivyo. Michezo hii hutolewa kwa mfululizo, toleo baada ya toleo, kwa muda wa miaka thelathini au arobaini, na mapambano haya yana ruwaza zake, yaani mipangilio inayojirudia ambayo mchezaji mzoefu huitambua mara moja. Istilahi isiyoweza kuzibeba ruwaza hizo haimfai mfasiri, hata iwe na sura nzuri namna gani.

Neno lenyewe na safari zake

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba "bosi" si neno la michezo kwa asili. Waamerika walilipata kwa Waholanzi, ambao kwao "baas" ni bwana wa kazi. Lilipoingia katika michezo, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuwapo. Katika mchezo uitwao dnd, ulioandikwa nchini Marekani mwaka 1975 kwenye mtambo wa kompyuta wa PLATO, lilikuwamo joka la dhahabu lililolinda tufe ambalo mchezaji alikuwa akilitafuta. Katika mchezo wa Phoenix wa mwaka 1980, baada ya kuyashinda makundi ya ndege, mchezaji alikutana na chombo kikubwa kilichojaa kioo chote. Viumbe hawa wawili hawafanani kwa umbo wala kwa asili. Wanafanana kwa kazi: wote wawili wamekaa mlangoni.

Mataifa mengine yalifanyaje? Wajapani, ambao ndio waliotunga sehemu kubwa ya michezo hii, walilichukua neno la Kiingereza wakalifanya "bosu", kisha wakalizalisha: yule wa mwisho kabisa wakamwita "rasubosu". Wahispania walilifasiri moja kwa moja kwa neno lao la mkubwa wa kazi, "jefe". Wajerumani walikwenda njia nyingine, wakasema "Endgegner", yaani mpinzani wa mwisho. Kila njia ina faida yake. Hata hivyo, tukichunguza tutaona kwamba neno la Kijerumani lina dosari ile ile iliyomo katika "adui mkuu" wangu. Limefungwa mahali pamoja, yaani mwisho, na lipelekwapo katikati ya mchezo hujipinga lenyewe.

Ruwaza ya kwanza: "Siye huyu"

Katika Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na Nintendo mwaka 1985, mna dunia nane, na mwisho wa kila dunia mna ngome. Ndani ya ngome, juu ya daraja lililo juu ya moto, anasimama Bowser, jitu lenye gamba la kobe lililomteka binti mfalme. Mchezaji akimpita na kuifikia shoka iliyo nyuma yake, daraja huanguka pamoja naye. Lakini ndani hamkuti binti mfalme. Hukuta mtumishi, ambaye humshukuru na kumwambia kuwa binti yumo katika ngome nyingine. Jambo hili hurudiwa mara saba. Zaidi ya hayo, mchezaji akiwapiga hao saba kwa moto badala ya kuwaangusha darajani, huona kwamba hakuna hata mmoja aliye Bowser wa kweli. Kila mmoja hugeuka akawa kiumbe mdogo wa kawaida aliyejivika umbo la mkubwa wake. Bowser mwenyewe yumo katika ngome ya nane.

Msomaji aliyekua akisimuliwa hadithi za pwani atakuwa amekwisha kushtuka. Katika hekaya ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, paka wa sultani aliyeachwa bila kuadhibiwa aliendelea kula, akikua, hata akawa nunda mla watu. Mtoto wa mwisho wa sultani alitoka kwenda kumtafuta. Kila mara alimwua mnyama, akamleta nyumbani, na kila mara mama yake alimwambia kuwa huyo siye. Alianza na mbwa, akaenda akizidi, hata tembo naye hakuwa yeye. Mwishowe alimpata nunda mwenyewe.

Sidai kwamba watungaji wa Kijapani waliisoma hekaya ya Unguja. Ninalosema ni kwamba ruwaza ni moja: ushindi unaorudiwa, na sauti ya nyumbani inayoukanusha kila mara mpaka ule wa mwisho. Tena lugha yetu imekwisha kumpa jina yule anayengojwa. Haitwi "adui mkuu". Huitwa nunda. Wale waliotangulia hawakuwa manunda, ijapokuwa walikuwa wakali na waliuawa kwa taabu.

Hapo ndipo nilipoona kosa la pili katika orodha yangu. Nilikuwa natafuta neno moja pale ambapo lugha yenyewe inatofautisha mambo mawili: jamii nzima ya viumbe wanaokaa milangoni, na yule mmoja ambaye wengine wote si yeye.

Ruwaza ya pili: kitovu

Katika mfululizo wa The Legend of Zelda, ulioanza mwaka 1986, mchezaji aweza kumpiga Ganon kwa upanga wake kadiri apendavyo, lakini hawezi kummaliza mpaka awe na mshale wa fedha. Baadaye ruwaza hii ilipanuliwa ikawa sheria ya mfululizo wote. Katika Ocarina of Time ya mwaka 1998, chombo ambacho mchezaji amekipata ndani ya pango ndicho, mara nyingi, kinachomfungua mwenye pango. Gohma hupigwa kwa manati jichoni, na King Dodongo hulishwa bomu anapofunua kinywa ili atoe moto. Hivyo pambano ni mtihani wa somo lililofundishwa muda mfupi kabla yake. Walimu wataielewa ruwaza hii upesi kuliko wengine.

Mahali pale, na silaha ile, tupaiteje kwa pamoja? Nimeona "sehemu dhaifu", nami sina ugomvi nayo, ila ni maelezo zaidi kuliko jina. Tunalo jina lililo tayari katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913. Liyongo hakufa kwa upanga wala kwa mshale. Alikufa kwa msumari wa shaba uliochomwa kitovuni, na siri hiyo ilitolewa kwa mwanawe mwenyewe. Napendekeza basi tuseme "kitovu": kitovu cha Gohma ni jicho, kitovu cha King Dodongo ni kinywa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba "kitovu" tayari lina maana ya katikati, kama tusemavyo kitovu cha mji. Nakiri. Lakini neno lenye maana mbili si kosa maadamu muktadha unazitenga, na hapana mchezaji atakayedhani kwamba anaambiwa apige katikati ya mji. Tena neno hili lina jambo ambalo "sehemu dhaifu" halina, nalo ni kumbukumbu ya kwamba aliyeuawa hivyo hakuwa lazima mwovu. Nitalirudia hili.

Ruwaza ya tatu: gwaride

Katika mfululizo wa Mega Man, ulioanza mwaka 1987 na kampuni ya Capcom, mchezaji huchagua mwenyewe ni nani atakayempiga kwanza. Akimshinda mmoja hupata silaha yake, na silaha hiyo humdhuru sana mwingine, naye wa pili humdhuru wa tatu, mfano wa mchezo wa watoto wa jiwe, karatasi na mkasi. Katika Mega Man 2 ya mwaka 1988 wapo wanane. Na mchezaji anapodhani kwamba amekwisha kumalizana nao, huwakuta wote wanane tena katika ngome ya Dr. Wily, kila mmoja akimngojea katika chumba chake.

Mpangilio huu wa kuwarudisha walioshindwa, mmoja baada ya mwingine, umeenea katika mifululizo mingi. Naupendekezea neno "gwaride": gwaride la mabosi. Neno hili lina mstari, lina zamu na lina hali ya kukaguliwa, isipokuwa hapa anayekaguliwa ni mchezaji.

Na hapa yafaa tuseme neno la uhakiki, maana istilahi hazitumikii majina tu, bali hutuwezesha kupima. Si kila gwaride ni zuri. Gwaride la Mega Man 2 lina maana, kwa sababu mchezaji anayerudi si yule aliyekuja kwanza: sasa anazo silaha zote, naye huonyesha kama amejifunza ipi ni ya nani. Lakini pale ambapo walioshindwa wanarudishwa bila mchezaji kuwa na jambo jipya la kuonyesha, gwaride huwa ni njia ya kuurefusha mchezo, sawa na mwandishi anayerudia sura ya tatu ili kitabu kifikie kurasa zinazotakiwa. Mfano mzuri wa kuihuisha ruwaza hii ni Breath of the Wild ya mwaka 2017. Humo mchezaji ana ruhusa ya kwenda moja kwa moja kwenye ngome ya Ganon. Lakini kati ya wale wanne aliotakiwa kuwashinda njiani, kila ambaye hakumshinda atamkuta humo, mmoja mmoja. Gwaride limekuwa deni, na kila mchezaji analipa kwa kadiri alivyokopa.

Ruwaza ya nne: umbo na awamu

Katika Dragon Quest ya mwaka 1986, Mfalme wa Majoka hushindwa akiwa na sura ya mtu, kisha hujidhihirisha kuwa joka kubwa, na pambano huanza upya. Katika michezo mingine mwili haubadiliki; kinachobadilika ni mwenendo. Nguvu zake zinapopungua hadi kiasi fulani, hupiga kwa kasi zaidi au kwa silaha ambayo hakuitumia tangu mwanzo.

Wafasiri wengi huyachanganya mambo haya mawili, nami nilikuwa miongoni mwao. Napendekeza la kwanza liitwe "umbo" na la pili "awamu". Neno "awamu" tumekwisha kulizoea katika mambo ya uongozi na ya miradi. Nalo linaeleza vema kwamba mwenye kazi ni yule yule, ila kipindi kimebadilika. Tofauti hii ina faida kwa mchezaji. Akiambiwa "umbo la pili" atajua kwamba aliyojifunza huenda yasimfae tena. Akiambiwa "awamu ya pili" atajua kwamba msingi ni ule ule. Wapo pia wanaokaa mpakani. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, Ornstein na Smough hupigana wakiwa wawili, na yeyote atakayekufa kwanza, mwenzake huchukua nguvu zake, akaanza upya. Hapo aliyebaki ana umbo la pili, lakini pambano zima lina awamu mbili. Maneno mawili yaliyotengwa vizuri yanaweza kulieleza jambo hilo kwa sentensi moja. Neno moja lisingeweza.

Pale ambapo adui si adui

Nimeacha mwisho sababu iliyo nzito zaidi ya kuifuta "adui mkuu".

Katika Shadow of the Colossus, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2005 ulioongozwa na Fumito Ueda, hamna viumbe wadogo wa kuwaua njiani. Mna nchi tupu na majitu kumi na sita. Kijana Wander anataka msichana aliyekufa arudishiwe uhai, na sauti imemwambia awaue wote. Mwanga wa upanga wake humwonyesha kitovu cha kila mmoja. Wengine miongoni mwao hawamdhuru mpaka awaanze. Kila aangukapo mmoja, hapasikiki shangwe bali huzuni, na nyuzi nyeusi hutoka katika maiti na kumwingia Wander, ambaye sura yake huzidi kuharibika mpaka mwisho. Mtungaji ameichukua ruwaza tuliyoizoea, bila kuibadilisha kwa nje, akatuuliza: ni nani aliyekwambia kuwa huyu ni adui?

Mfasiri akiandika "adui" katika mchezo kama huu, amekwisha kulijibu swali ambalo mchezo wote umejengwa ili mchezaji alijibu mwenyewe. Ni sawa na kumwandika Liyongo kuwa adui kwa sababu tu alichomwa kitovuni. Hali kadhalika katika Undertale ya mwaka 2015, wa kwanza kuuzuia mlango kwa dhati ni Toriel, ambaye amemlea na kumlinda mchezaji na hataki atoke akaangamie nje. Mchezaji aweza kumwua. Aweza pia kukataa kupigana, mara kwa mara, mpaka aachiliwe. Neno "bosi", pamoja na kasoro zake, halimtukani Toriel. Linasema tu kwamba ndiye mwenye mlango.

Upo pia upande wa usahihi wa habari. Katika Final Fantasy ya mwaka 1987, wa kwanza kupigwa ni Garland, mlinzi aliyeasi na kumteka binti mfalme. Mwishoni kabisa, baada ya safari ya kurudi miaka elfu mbili nyuma, mchezaji humkuta tena Garland, naye hugeuka akawa Chaos. Wa kwanza ndiye wa mwisho. Mfasiri asiyeijua ruwaza hii, anayeletewa mistari iliyokatwakatwa bila picha, anaweza kumpa mtu huyo cheo kimoja mwanzoni na kingine mwishoni, na mchezaji wa Kiswahili asitambue kamwe kwamba ni yule yule. Kosa kama hilo si la mapambo. Ni sawa na kuupoteza ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Hitimisho

Desturi yetu ya kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili ni desturi njema, nami siiachi. Lakini kutafuta ndani ya Kiswahili si kuunganisha maneno mawili ya kawaida kwa haraka kwa sababu neno lililo midomoni mwa watu halituvutii. Mtumishi wa serikali atakayemsikia mwanawe akijigamba sebuleni kuwa amemwua bosi ana haki ya kucheka. Asifikiri kwamba lugha imeharibika. Vijana walilipokea neno hilo kwa sababu linafanya kazi: linazaa bosi mdogo, bosi wa njiani na bosi wa uongo bila kujipinga. Kazi yetu haikuwa kuwanyang'anya. Kazi yetu ilikuwa kuwapa yale ambayo hawakuwa nayo.

Kwa hiyo naifuta "adui mkuu" katika orodha yangu, na mahali pake naweka haya yafuatayo kwa kujadiliwa:

Bosi (mabosi): kiumbe au mtu anayezuia njia, ambaye mchezaji hana budi kukabiliana naye ili aendelee, awe adui au asiwe.

Bosi wa njiani: bosi anayetokea kabla ya mwisho wa hatua.

Bosi wa uongo: bosi anayedhaniwa kuwa ndiye wa mwisho, kisha ikadhihirika kuwa siye.

Nunda (manunda): bosi wa mwisho wa mchezo, ambaye wote waliotangulia hawakuwa yeye.

Kitovu: mahali ambapo bosi hudhurika, au hudhurika kuliko mahali pengine.

Gwaride la mabosi: kurudishwa kwa mabosi walioshindwa, mmoja baada ya mwingine.

Umbo: mwili mpya wa bosi baada ya ule wa kwanza kushindwa.

Awamu: kipindi cha pambano ambamo mwenendo wa bosi hubadilika.

Kati ya maneno haya, "nunda" ndilo nisilokuwa na uhakika nalo. Huenda vijana wakalikataa, wakaendelea kusema "bosi wa mwisho", na iwapo watafanya hivyo sitawalaumu. Nawaomba walimu wawasimulie wanafunzi wao hekaya ya Sultani Majnuni kabla ya kuwatajia neno, kisha watuletee majibu. Mama wa yule kijana hakumtukana mwanawe kwa kuleta mnyama asiyekuwa yeye. Alimwambia ukweli, kijana akatoka tena. Ndivyo nami nilivyoambiwa na yule mfasiri, na karatasi yake ningali ninayo mezani.